Nani Anakufungua Jioni?

Uliona. Usiniambie hukuona. Ulisimama palepale kwenye foleni ya benki, nyuma ya yule mwanamke aliyeshika simu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, funguo za nyumba ameziuma kwa meno. Karani akamuuliza jina. Akashindwa kulitaja, maana mdomo ulikuwa unafanya kazi ya mfuko. Watu wakacheka. Wewe ukatazama saa ya ukutani. Saa ilikuwa na nini? Gauni lake ndilo lililokuwa na neno. Lilikuwa na mfuko ubavuni, mzuri, wenye ukingo wa uzi wa dhahabu, ila mfuko wenyewe ulikuwa mdomo usio na tumbo: umetengenezwa nje ili upendeze, ukazibwa ndani ili usisaidie. Kuna mtu aliketi kitako akalifikiria jambo hilo, akaamua hivyo, na akalipwa. Nawe ukatazama saa.

Basi leo hutatazama saa. Leo utamtazama fundi mmoja wa makochi, maana naye alikuwa kama wewe, mpaka mapenzi yalipomshika kidevu yakamgeuza uso.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mama yake mzazi akiwa na hasira. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la rangi: chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji jipya, viti vimepinduliwa miguu juu, springi zimening'inia ukutani. Alikuwa na tabia ya kuweka vimisumari mdomoni akifanya kazi. Waliomjua walisema aliviweka hata pasipokuwa na kazi, pale tu alipotaka kukwepa kusema jambo.

Siku ya kwanza mwanamke wa mapenzi hayo alipoingia karakanani, Fundi hakumwona yeye. Aliona kiti kinatembea. Kiti cha gari, kizima, kimebebwa begani, na chini yake miguu miwili ndani ya viatu vya kazi.

"Hiki ni cha nani?" Fundi akauliza.

"Changu. Nakikalia kila siku ya Mungu."

"Namaanisha, gari la nani?"

"La hospitali. Wagonjwa wamelala nyuma, mimi mbele nimekalia mwiba. Springi imenichania suruali mbili. Ya tatu nimekataa."

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alikitua kiti, akaanza kutafuta kitu mifukoni. Ikatoka tochi. Ikatoka penseli, kitambaa cha kufutia kioo, pipi ya mnanaa, bandeji. Mwishoni kikatoka kipande cha springi kilichokatika. Akakiweka kiganjani mwa Fundi kama shahidi wa mahakamani.

"Dada, umefungua duka humo?"

"Nina masharti yangu ya mavazi. Matatu. Nguo isiyoyatimiza haiingii kabatini kwangu, hata kama ni ya bure."

"Masharti kama ya mganga?"

"Ya mganga yana siku ya kuisha."

Fundi akacheka, na katika kucheka akamtazama vizuri. Na alipomtazama vizuri, vimisumari vikamwanguka mdomoni. Si kwamba alikuwa mrembo wa picha. Ni jinsi alivyosimama. Alisimama kama mtu ambaye hakuna kinachombana popote.

"Nitajie," akasema.

"La kwanza, mifuko. Ya kweli, mkono uzame mpaka kifundo. Wiki yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi isiyo na mfuko. Nikaweka funguo juu ya boneti wakati tunapakia mgonjwa. Nikazisahau. Mama mwenye uchungu wa uzazi anapiga kelele, mimi natambaa chini ya gari nikitafuta funguo."

"Mkazipata?"

"Mtoto alizaliwa pale pale. Wamempa jina langu, lakini si hoja. La pili, mikono. Nguo nikiijaribu dukani, nainua mikono yote miwili juu kama ninayesalimu amri. Ikinikaba, narudisha. Nilishawahi kunyanyua machela, blauzi ikapasuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni mbele ya hospitali nzima. Mzee aliyelala kwenye machela alicheka hadi akasahau mguu wake umevunjika."

"Na la tatu?"

"Sivai kinachofungwa mgongoni. Zipu, kifungo, kulabu, kamba, chochote."

"Kwa nini?"

Akamtazama kidogo, kisha akarudisha tochi mfukoni. "Hilo ni la ndani, Fundi. Wewe bado uko mlangoni."

Angalia sasa alichofanyiwa maskini wa watu. Kazi yake ilikuwa kupasua viti vya watu kwa kisu aone kuna nini ndani. Alishakuta humo sarafu, vifungo, pete za ndoa zilizovunjika, na safari moja meno ya bandia ya mstaafu. Mtu wa namna hiyo haambiwi kuna kitu kimefungwa akapata usingizi.

Akaanza kukisia. Alipokwenda kukifunga kiti garini akauliza, "Ni kovu?" Dereva akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata, wanakunywa chai nje ya lango la hospitali: "Ni mwanamume?" Dereva akacheka mpaka chai ikampalia. "Ungependa iwe mwanamume, sivyo, ili umchukie?" Na kweli angependa. Miezi ikaenda. Akajifunza kuijua sauti ya king'ora cha gari lake kutoka mbali, akiwa amepiga magoti juu ya kochi, akanyanyua kichwa. Akajifunza kwamba Dereva akichoka anakuwa mkimya, na akikasirika anachekesha. Akajifunza kwamba anampenda. Sharti la tatu peke yake ndilo halikufunguka.

Sasa kuhusu mama yake Fundi.

Alikuwa mjane, mwenye mgongo ulionyooka kama mlango, akiishi mtaa wa pili peke yake. Alipenda magauni ya heshima, ya kubana kiuno, zipu ndefu mgongoni. Tangu mumewe alipofariki, kila Jumapili asubuhi Fundi alipita kwake. Mama alisimama mbele ya kioo, akampa mgongo. "Nifunge, baba." Fundi akapandisha zipu, akambusu shavuni, akaenda zake. Miaka yote hiyo. Hakuna aliloona.

Au tuseme aliona moja. Mama alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na Fundi alishabadilisha kitambaa cha kiti hicho mara tatu. Kila mara palepale: juu ya egemeo, usawa wa mabega, kitambaa kimekwaruzwa hadi sponji linachungulia. "Paka wa jirani," mama alisema. Fundi akapigilia kitambaa kipya, safari ile cha rangi ya bluu, akamlaani paka, basi.

Habari za Dereva mama alizipokea kwa midomo iliyobanwa.

"Ni yule wa masuruali? Yule Bi Mifuko?"

"Ana jina, mama."

"Nimemwona akishuka kwenye gari lake. Nikadhani kaja kuzibua bomba. Mwanangu, mwanamke ni mwanamke. Sasa sikiliza. Jumapili mlete nimwone. Lakini nimemnunulia gauni." Akalitoa kwenye karatasi yake: la zambarau, zito, limebana magotini, zipu kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno. "Akija nalo, nitajua anataka kuwa mtoto wangu. Asipokuja nalo, usinitafutie radhi zangu. Sina."

Na Fundi alijua kwamba kwake yeye, ndoa bila radhi za mama ni nyumba bila paa. Juu ya hilo kulikuwa na jambo la pili: hospitali ilitaka kumhamishia Dereva kwenye kituo cha mbali, safari ya siku nzima, na Jumatatu ndiyo siku ya kujibu. Alikuwa hajajibu kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imesimama mbele ya mama yake ikiwa imeshika gauni la zambarau kama aliyeshika samaki aliyeoza.

Je, alimwambia mama, "Hilo hatavaa"? Hakumwambia. Aliweka vimisumari mdomoni. Akarudi karakanani, akabuni mpango wa peke yake, na hapo ndipo kichekesho na kilio vilipoanzia.

Jumamosi alasiri Dereva alipita akitoka zamu. Fundi alimkalisha, akamsimamisha, akamkalisha tena.

"Una nini leo? Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga."

"Fumba macho."

"Sifumbi. Toa."

Akatoa. Gauni la pamba, bluu ya giza. Vifungo mbele, kuanzia shingoni hadi chini. Mifuko miwili ya kuzamisha mkono. Makwapa mapana. Nyuma hamna kitu, hata kifungo cha urembo. Mishono ilikuwa ya nyuzi mbilimbili, kama ya kochi la watu sita.

Dereva alilitazama. Uso wake ukalainika kwa namna ambayo Fundi alikuwa hajawahi kuiona, na kwa muda huo mfupi alijiona mfalme.

"Umeshona wewe?"

"Kwa mikono hii."

Akaenda nyuma ya rundo la sponji kulivaa. Fundi akasikia vifungo vikifungwa kimoja kimoja, na moyo wake ukifuata. Kisha kimya.

"Fundi."

"Naam, mpenzi."

"Nakuja. Ukicheka nakuua."

Akatokea. Jamani. Mbele gauni lilikuwa fupi, limejikunja tumboni kama pazia. Nyuma lilikuwa refu, limening'inia chini ya makalio kama mkoba mtupu. Magotini kulikuwa na uvimbe, upande huu na upande huu, kama vile lina magoti yake lenyewe.

Fundi hakucheka. Alikuwa amepigwa na bumbuwazi. Yeye, fundi ambaye vitambaa vyake havikuwahi kukataa kona.

"Ulimpima nani?" Dereva akauliza.

"Wewe."

"Lini? Tepu yako haijawahi kunigusa."

Ndipo ikamjia. Hakumpima yeye. Angempima vipi na hali anataka kumshtukiza? Alichukua vipimo alivyokuwa navyo kichwani, vya siku ile alipomchongea sponji la kiti chake cha gari: mgongo, nyonga, paja, goti. Alikuwa amemjua mwanamke huyu kwa umbo la kukaa. Akamkatia kitambaa hivyo hivyo.

Alipomweleza, Dereva alicheka. Alicheka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama taa.

"Ngoja kwanza. Hebu niambie. Lile la mama yako ulilonionyesha Jumatano. Ulisema utamrudishia. Ulimrudishia?"

"Nitamrudishia."

"Ulimwambia kwamba silivai?"

Mkono wa Fundi ukaanza kupapasa meza, ukitafuta vimisumari.

"Acha hivyo vimisumari! Ulimwambia?"

"Bado. Nilifikiri... ukija na gauni, ni gauni. Wewe utakuwa umeridhika, naye hatakasirika. Hata sharti moja halijavunjwa. Angalia: mifuko, mikono, mgongo..."

"Naona. Hujavunja hata moja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Fundi aliiogopa kuliko kelele. "Mtu akija kwako na kochi lililochakaa, hana nia ya kutengeneza springi, hataki kubadilisha sponji, anataka tu wageni wakija wasione, unamshonea nini?"

Fundi akaikunja tepu, akaikunjua.

"Nakuuliza, unamshonea nini?"

"Kava."

"Basi umenishonea kava. Umenifunika ili mama yako asinione. Mimi sijachakaa, Fundi. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na ya kujifichia je?"

Wewe msomaji sasa unasema moyoni: jamani, si alijaribu? Ndiyo, alijaribu. Na wewe vilevile umejaribu mara nyingi: kushona, kununua, kubeba zawadi, chochote, ilimradi usiliseme lile neno moja kwa mtu mmoja anayepaswa kuambiwa. Nakukumbuka.

Dereva alijitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ilikuwa bahati tu kwamba kilikuwa kiti cha abiria cha gari lilelile la hospitali, kilicholetwa juzi kwa matengenezo. Alikaa amekunja mikono, macho yametazama dirishani.

"Unataka kujua la tatu? Nakwambia, kwa sababu Jumatatu huenda nisiwepo hapa." Akavuta pumzi. "Nyumbani tuliishi na bibi, mama yake baba. Bibi alisema mke wa mwanawe havai ovyo. Akamnunulia mama magauni, yote ya kufungwa mgongoni. Baba alikuwa mtu wa safari. Kwa hiyo aliyefunga asubuhi na kufungua jioni nilikuwa mimi, nimesimama juu ya kigoda. Nikifunga, nilimsikia mama akivuta pumzi, kisha anaibakiza humo kutwa nzima. Nikachaguliwa shule ya bweni. Usiku wa kuondoka nikamuuliza, 'Mama, sasa nani atakufungua?' Akacheka. Akasema, 'We nenda kasome.'"

Fundi alikuwa amechuchumaa mbele yake, hathubutu kumgusa.

"Niliporudi likizo nikafua nguo. Nikaona magauni yote yana mshono mnene ubavuni, uzi juu ya uzi juu ya uzi. Jioni alikuwa anafumua ubavu kwa wembe ili atoke. Asubuhi anashona ili aingie. Kila siku. Hakumwambia bibi. Hakumwambia baba. Alikufa na tai shingoni, kama wanavyosema: aliumia ndani, nje akipendeza. Na nyumba nzima tulikuwa tunamwambia, 'Mama umependeza.'"

Kisha Dereva akakunja uso. Akajitazama. Akanyoosha mguu wa kulia mbele kama anayekanyaga breki. Akashika usukani usiokuwepo, akaukata kushoto, akaukata kulia, akanyoosha mkono kuwasha king'ora.

"Fundi."

"Naam."

"Hili gauni limenikaa."

Limekaa kweli. Mbele mikunjo yote imekwisha. Nyuma kitambaa kimefuata mgongo bila kuvuta, na vile vivimbe vya magotini vilikuwa vimepata magoti yake. Dereva aligeuka upande, akainama kama anayetafuta kitu chini ya kiti, akarudi. Hasira ilikuwa bado iko machoni, lakini udadisi ulishaipita mlangoni.

"Miaka yote ninayokaa garini, kila nguo inanikata hapa na hapa. Kumbe zote zimekatwa kwa mtu aliyesimama. Nani alisema wanawake tunasimama tu, tukitazamwa?"

"Sikuwahi kulifikiria."

"Hata mimi. Na bado nimekasirika, usidhani."

"Hodi humu!"

Wote wawili wakaruka. Mlangoni alisimama mama yake Fundi, amevaa gauni la kijani la kung'aa, maana alikuwa ametoka kwenye harusi ya binti wa rafiki yake, na asubuhi ile Fundi alimfunga, ingawa haikuwa Jumapili.

"Shikamoo, mama," Dereva akasema, akasimama kwa adabu. Na aliposimama, gauni nalo likarudia ujinga wake.

"Marahaba." Macho ya mama yakaanzia shingoni, yakashuka hadi magotini, yakakwama. "Nani amemvalisha mtoto wa watu gunia la sponji?"

Mkono wa Fundi ulikuwa umeshavipata vimisumari. Vilikuwa vimeshafika mdomoni. Alimtazama mama. Akamtazama Dereva, ambaye hakumsaidia hata kwa kope. Mwanamke wa foleni ya benki alikuwa na funguo mdomoni kwa kuwa hakupewa mfuko. Huyu bwana alikuwa na mifuko minne.

Akavitema kiganjani.

"Mimi, mama. Nimelishona mimi, na limeharibika. Na lile la zambarau halivai. Nilitakiwa nikuambie tangu Jumatano. Nilikuogopa."

"Halivai?" Mama akaingia ndani kabisa. "Nimezunguka madukani mpaka miguu imevimba! Lina kasoro gani? Panya kalila?"

"Halina kasoro ya uzuri, mama," Dereva akasema. "Zipu iko mgongoni. Hicho sivai."

"Zipu inafungwa. Mume ana kazi gani?"

"Na kufungua?"

"Na kufungua vilevile!"

Dereva akamtazama. Hakumtazama kwa ushindani. Alimtazama kama alivyokitazama kile kipande cha springi siku ya kwanza, akitaka kujua kimekatika wapi.

"Mama, naomba nikuulize, na unisamehe, si utovu wa adabu. Nataka tu kujua. Asubuhi mwanao anakufunga. Jioni nani anakufungua?"

Upande wa pili wa ukuta, dukani, mtu aliangusha kopo la rangi. Mama akageuka kama anayetafuta pa kukaa, na alipogeuka, Fundi akauona mgongo wake. Aliuona kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa akiufunga kwa miaka. Kishikio cha zipu kilikuwa kimepinda. Na katika kishikio kile kulikuwa kumenasa uzi mmoja, mfupi, wa bluu. Aliijua bluu ile. Alikuwa ameipigilia mwenyewe.

"Mama," akasema polepole. "Yule paka..."

"Paka gani?"

"Paka wa jirani. Anayekwaruza kiti chako."

"Jirani hana paka," mama akasema.

Akakaa. Ule mgongo ulionyooka kama mlango ukakunjika.

"Kuna ukingo wa mbao pale juu ya kiti. Nakinasisha kishikio, najishusha chini. Siku nyingine kinafunguka." Akalainisha gauni mapajani. "Siku nyingine hakifunguki. Nalala nalo."

"Mama, kwa nini hukuniita?"

"Nikuite jioni yote hiyo, mwanamume mzima, uje univue nguo? Una wazimu?" Akajaribu kucheka. "Baba yako alikuwa na vidole kama ndizi. Lakini zipu aliishusha taratibu, huku ananisimulia siku yake ilivyokwenda. Kila jioni. Hata tukiwa tumenuniana, ilibidi nimpe mgongo anifungue, na ugomvi ukaishia hapo." Akamgeukia Dereva. "Nilijua kwamba siku nitakayovaa cha kufungwa mbele, nimekubali kuwa harudi. Na lile la zambarau, mwanangu, sikukununulia pingu. Nilitaka uwe na wa kukufungua."

Dereva alikuwa amekuja na sharti lake kama ngao, kumbe kitu kilekile upande wa pili kilikuwa kumbatio la mtu. Akapiga magoti mbele ya yule mama, na vivimbe vya gauni vikakaa mahali pake.

"Na akiwa safarini, mama?"

"Ndiyo hapo sasa," mama akasema, na machozi yakamshinda. "Ndiyo hapo unapolala nalo."

Walishikana mikono. Kisha mama akajifuta uso, akasimama, akampa Dereva mgongo.

"Nifungue kidogo basi nipumue. Nimebanwa tangu asubuhi. Na wewe Fundi, geuza uso huko!"

Akageuza. Mara hiyo, na hiyo tu, uso uligeuzwa kwa haki.

Alisikia zipu ikishuka. Alisikia mama yake akiachia pumzi, ndefu, kama sponji lililotolewa chini ya mzigo. Walipomruhusu kutazama, mama alikuwa amejifunika mgongoni kipande cha kitambaa cha makochi, mkono wake umezama katika mfuko wa Dereva mpaka kifundo.

"Kumbe una tumbo huu," akasema kwa mshangao. Akatoa pipi ya mnanaa, akaimenya, akaitia mdomoni. "Kesho njoo. Vaa unachotaka. Ila si hilo. Ukisimama unafanana na kiti kilichoamka usingizini. Na radhi zangu usidhani ziko mfukoni. Unacheka kwa sauti mno, nilikusikia tangu dukani."

"Nitapunguza, mama."

"Usipunguze. Nimesema tu nimesikia." Mlangoni, kitambaa bado kimemfunika mgongo, akamwambia mwanawe bila kumtazama, "Hili la kijani, ukipata nafasi, ondoa zipu, liwekee vifungo mbele. Pole pole. Sina haraka nalo."

Alipoondoka, Fundi na Dereva walibaki wametazamana, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo.

"Jumatatu utawajibu nini?" akauliza.

"Umetema vimisumari. Umechelewa, lakini umetema." Akamkaribia. "Nitawaambia nina kazi huku. Kuna mtu amenipima vibaya, lazima arudie."

Fundi akachukua tepu.

"Ukiwa umesimama safari hii," akasema. "Halafu umekaa. Halafu unavyotembea. Nataka kujua yote."

"Uliza basi. Sasa uko ndani."

Na Dereva akainua mikono yote miwili juu, juu kabisa, na hakuna kilichomkaba.

Sasa wewe. Hadithi imekupendeza, umetabasamu, unatafuta ukurasa unaofuata. Usifunue. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa mwanamke aliye chumba cha pili muda huu ninapokwambia haya. Weka kitabu kifudifudi. Inuka. Kama ni wewe mwenyewe uliyevaa, inua mikono hapo ulipo, uone inafika wapi, utie mkono mfukoni, uone unazama wapi. Kama ni mama yako, mkeo, dada yako, mlangoni usimwambie amependeza. Muulize: jioni nani anakufungua? Akikujibu "hakuna," usitikise kichwa ukarudi kusoma. Shika mkasi, tafuta vifungo. Usitazame saa. Nenda.